Maili mbili za picha kwa ana tatu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: kwa methali hiyo ni rahisi kuyahukumu matangazo ya kumbi za sinema za enzi ya filamu zisizo na sauti, na tangazo la mtengenezaji filamu Dhundiraj Govind Phalke katika mji wa Surat, India, ndilo mshtakiwa anayefaa. Filamu yake, Raja Harishchandra, ilikuwa imefunguliwa Bombay tarehe 3 Mei 1913, katika ukumbi wa Coronation, lakini inasimuliwa kwamba ilipofika Surat, siku ya kwanza iliingiza rupia tatu tu. Ndipo Phalke akatangaza picha 57,000, filamu yenye urefu wa maili mbili, yote kwa ana tatu (ana 16 zilikuwa rupia moja). Watu wakafurika.

Mashtaka yanaeleweka upesi: tangazo halikutaja kisa wala waigizaji, bali liliuza sanaa kwa kipimo, kama jora la kitambaa, tena kwa kutia chumvi.

Chumvi ipo, lakini tuipime. Mkanda wa milimita 35 hubeba picha 16 katika kila futi, hivyo picha 57,000 zinahitaji futi zipatazo 3,560. Filamu yenyewe hutajwa kuwa na futi 3,700 hivi. Kumbe hesabu ya picha, ambayo ndiyo inayosikika kama uzushi, ilikuwa karibu sawasawa. Zisizoteteeka ni zile maili mbili, yaani futi 10,560, karibu mara tatu ya mkanda. Mtu huyohuyo alihesabu picha kwa uangalifu wa karani, kisha akapima urefu kwa ulimi wa dalali.

Lakini kwa nini auze urefu? Kwa sababu watu wa Surat walizoea michezo ya jukwaani iliyochukua hata saa sita kwa ana mbili, ilhali filamu hii, ikizungushwa kwa picha 16 kwa sekunde, ilikwisha kwa saa moja hivi na kiingilio chake kilikuwa ana tatu. Kuuliza “nilipe zaidi nipate kidogo?” kulikuwa haki ya mnunuzi, na asingejibiwa kwa kusimuliwa habari za Harishchandra, mfalme wa hadithi za kale za Kihindi, ambazo alizijua tangu utotoni. Kigeni kwake kilikuwa zile picha zenyewe, na Phalke, aliyewahi kuwa mpiga picha na mchapaji, aliziweka mbele.

Linganisha na tangazo la onyesho la akina Lumière, ndugu Wafaransa waanzilishi wa sinema, katika hoteli ya Watson, Bombay, tarehe 7 Julai 1896: kiingilio kilikuwa rupia nzima, yaani ana 16, na wasomaji waliahidiwa ajabu ya karne na ya dunia. Ahadi hiyo haina futi wala idadi ambayo mtu angeweza kuikagua, na labda ndiyo maana haijashtakiwa. Phalke alitoa tarakimu, nasi leo tunaweza kumkamata kwa moja na kumwachia kwa nyingine, ingawa mtazamaji wa Surat, alipotoka ukumbini baada ya saa moja, hakuwa na njia ya kuufungua mkanda akaupima.