Mfiwa aachiwe msiba wake

Mtu akifiwa Nairobi, au ndoa ikimvunjikia, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kujishughulisha. Usikae peke yako, usifikirie sana, tafuta kitu cha kufanya. Waislamu wengi tumeupokea ushauri huu kana kwamba ndiyo subira yenyewe. Mimi naona ni nusu tu ya jambo, tena ile nusu nyepesi.

Wanaoutetea wana hoja, na hoja yao iko ndani ya sira, yaani historia ya maisha ya Mtume. Waislamu wakiwa safarini baada ya vita na kabila la Bani Mustaliq, watu wawili waligombana penye maji, Muhajirina (waliohama Makka) na Ansari (wenyeji wa Madina) wakakaribia kushikana, na Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki wa Madina, akasema kwamba wakifika Madina mwenye nguvu atamfukuza mnyonge. Mtume (s.a.w.) akaamuru watu waondoke saa ambayo hakuwa na desturi ya kusafiri. Wakaenda mchana kutwa na usiku kucha mpaka jua la kesho yake likawachoma, na walipoteremka tu wakalala. Ibn Ishaq, mwandishi wa sira, anaeleza kuwa alifanya hivyo ili kuwashughulisha watu waachane na maneno ya jana yake. Vilevile mwenye hasira aliyesimama ameelekezwa aketi, na isipomtoka, alale. Dini haimlazimishi mtu kuzama ndani ya kila hisia pindi inapomjia. Mwenye duka Eastleigh aliyemzika mamake Jumanne na Ijumaa akafungua duka, mimi simlaumu. Kodi ipo, na kazi ya mikono hutuliza kweli.

Lakini kisa cha Bani Mustaliq hakikuishia usingizini. Iliteremka sura ya Al-Munafiqun (Wanafiki), maneno ya Ibn Ubayy yakawekwa wazi, na kijana Zayd bin Arqam, aliyeyapeleka kwa Mtume akaonekana mwongo, akasafishwa. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 9, waumini wanaonywa mali na watoto wasiwasahaulishe kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Shughuli ilipewa muda wake, kisha jambo likakabiliwa.

Sisi shughuli zetu hazina muda. Tazama matanga ya siku hizi, iwe South C au Pumwani. Juzuu za Qur'ani zimegawiwa, wazee wanasoma, sufuria za pilau ziko uani. Mtoto wa marehemu ameegemea ukuta, shingo ameinamisha, kidole gumba kinapandisha video: bao, kichekesho, mapishi, bao tena. Akitoka hapo atapanda matatu yenye muziki wa kutetemesha vioo, na usiku atalala na simu masikioni. Wiki zitapita, na babake hajaliliwa hata mara moja.

Na sisi jamaa tunamsaidia kukimbia. Habari za kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, zilipofika, Mtume aliketi huku huzuni ikionekana usoni, na mkewe Aisha akamwona kupitia upenyo wa mlango. Kisha akaagiza watu wa nyumbani kwa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Msiba ndio uliokuwa kazi yao; kupika ni kazi ya wengine. Huku kwetu mfiwa ndiye anayekimbizana na mchele, hema na viti, nasi tunasema afadhali, hana nafasi ya kufikiria.

Lipo pia la kukimbilia ibada, na hili linaniumiza zaidi kwa sababu ni gumu kuligusa. Mtu ana donda na babake. Anaongeza darsa, anaongeza nyiradi, anaingia kamati ya msikiti, ili asikae nalo. Ni kweli nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu, Ar-Ra'd aya ya 28. Ila Nabii Yaqub hakumtumia Mola wake kumsahau Yusuf. Alimtaja mwanawe kwa jina mpaka macho yakawa meupe, na wanawe walipomwambia hataacha mpaka augue au aangamie, akajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Huzuni aliipeleka kwa Mola ikiwa nzima.

Hata hivyo siwezi kumwambia kila mtu aketi na maumivu yake. Aliyeona damu, au anayeshindwa kupumua akikumbuka, anaweza kudhurika akiachwa nayo peke yake. Huyo anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, ingawa bado jina la Mathari, hospitali ya maradhi ya akili ya Nairobi, tunalitaja kwa kunong'ona, na mpaka siku ya miadi kujishughulisha kunaweza kuwa ndiko kunakomshikilia. Kwa wengine, naomba majirani wachukue hesabu ya mchele na viti mikononi mwa mfiwa siku ya kwanza, na mwezi ukipita, mmoja wao aende amuulize alikuwa mtu wa namna gani yule aliyemzika.