Mfumo wa 4-4-2 na mi niko benchi

Aisee umaskini una bei jamani, njoo mkutano wa mtaa siku ya kuchagua kaya maskini za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia maskini, uone. Watu wenye geti na vigae wametinga na kandambili zilizopigwa misumari, kuna jamaa ana bodaboda kadhaa zinamletea hesabu kila jioni, siku hiyo kaja anachechemea, tena mkutano ulivyonoga akahamisha mguu. Mi nikaenda na unyonge wangu wa asili. Jina likasomwa, mama mmoja huko nyuma akadakia "huyo si juzi tu kanunua king'amuzi!" Kwisha habari. King'amuzi chenyewe hakijalipiwa kinaonyesha menyu tu, ila watu wakaguna mwenyekiti akapiga mstari.

Sasa ukikosa TASAF ndo unaelea, we sio maskini wa kusaidiwa wala tajiri wa kusamehewa kodi. Nikasikia halmashauri ina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, mikopo haina riba, nikachangamka, kumbe mgao 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. 4-4-2 kabisa, na mi baba mwenye mvi na magoti mazima sina namba hata ya kuingia dakika za mwisho. Mke wangu kajiunga kikundi, siku ya kikao mi ndo napika (sinung'uniki, naeleza tu). Mbolea ya ruzuku ilivyokuja 2022 wakataka usajiliwe mkulima, utaje na ekari, mi nina ndoo mbili za mchicha kibarazani.

Ila kinachonikera zaidi ni midomo. Bibi jirani yangu anapata ruzuku ya TASAF kila baada ya miezi miwili, mjukuu asipoenda shule inakatwa, mdogo asipopelekwa kliniki inakatwa, binti yake anachimba mtaro kwenye ajira za muda, halafu kijiweni wanakaa toka asubuhi wanasema eti serikali inalea wavivu. Wanaosema hawajashika hata fagio! Na Juni 2022 mafuta yalivyopaa serikali ikatoa bilioni 100 kushusha bei, sikusikia mwenye gari hata mmoja anaitwa tegemezi, walijaza tenki wakaendelea kulalamikia foleni. Kampeni zikija sasa, mheshimiwa anamuuliza bibi "hela mnapata?" utadhani katoa kwenye koti lake, bibi naye "tunapata baba, Mungu akuzidishie". Ile VAT ya asilimia 18 anayokatwa bibi kwenye vocha na sabuni hapo haiongelewi.

Sa hivi kaya zikiinuka kidogo zinahitimishwa, zinatoka kwenye mpango. Bibi kuku wake wamezaana wengi, kaogopa kuhitimu, usiku kanibishia hodi na matenga. Kuku wote wanalala jikoni kwangu, mtaa mzima unasema nina mradi, na hata yai moja sijaonja, bibi anakuja kuyahesabu kila asubuhi.