Serikali Iliruka Mlango Wangu

Pakiti ya unga ya kilo mbili nyumbani kwangu ilikuwa inasukuma siku mbili. Hapo ni shule zikiwa wazi. Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza shule zifungwe kwa ajili ya korona, pakiti hiyo ikawa haivuki jioni. Tulikuwa watano, mimi, mke wangu na watoto watatu, katika chumba kimoja mtaa wa Kayole, Nairobi, na pazia katikati linalojifanya ukuta. Eti tusikaribiane. Sasa nimtoe nani nje?

Nikasema hawa watoto niwapeleke ushago, kijijini kwa nyanya yao, wakapalilie viazi. Aprili ikaja na vizuizi: Nairobi hakuna kutoka, hakuna kuingia. Usiku nao kuna kafyu. Basi tukabaki tunahesabiana matonge.

Wizara ya Elimu ikasema masomo yaendelee: redio ya taifa, KBC, runingani Edu Channel, na kwa wenye bahati, mtandaoni. Tukaletewa hata mabaluni! Naapa sitanii. Loon, kampuni ndugu ya Google, ilirusha mabaluni kilomita ishirini angani yatumwagie intaneti. Mengi yalihudumia magharibi mwa nchi na Bonde la Ufa, lakini hata yangetua juu ya paa langu yangekuta simu moja tu ya maana, nayo ni yangu ya kazi.

Mimi ni fundi wa friji. Mteja akipiga, anapokea binti yangu wa Kidato cha Tatu: "Samahani, niko kwenye kemia." Mteja huyo anakwenda kutafuta fundi ambaye hasomi kemia. Na bando la shilingi hamsini lilikuwa linakata roho mwalimu akiwa bado anauliza, "Mnanisikia?"

Julai 7, Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha (Mungu amrehemu, alikuwa mzee wa maneno makali), akatangaza kwamba mwaka wa masomo umekwenda na maji. Hakuna KCPE, ule mtihani wa kumaliza Darasa la Nane, hakuna KCSE, ule wa Kidato cha Nne, shule ni Januari, na kila mtoto arudie darasa. Binti akalia. Kijana wa Darasa la Saba akashangilia mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama Arsenal wamefunga. Siku hiyo hiyo vizuizi vya Nairobi vikaondolewa, lakini matatu zilikuwa zinabeba abiria nusu na nauli imepaa. Ushago ukabaki ndoto.

Halafu wakubwa wakabadili nia. Oktoba 12 warudi Gredi ya Nne (gredi ndiyo darasa kwa watoto wa mtaala mpya), Darasa la Nane na Kidato cha Nne, basi. Hesabu nami. Wangu wa kwanza, Kidato cha Tatu. Wa pili, Darasa la Saba. Kitinda mimba, Gredi ya Tatu. Wote watatu wamekosa kwa darasa moja! Serikali ilipita mlango kwa mlango kama yule malaika wa Misri, ikafika kwangu, ikaona sijui damu gani kwenye mwimo, ikaruka. Mwenzangu wa mlango wa pili ana wa Gredi ya Nne na wa Darasa la Nane. Asubuhi ile aliwasindikiza hadi stejini, akanisalimia kwa madaha, akarudi kulala. Kulala, jamani! Mimi wakati huo nilikuwa hakimu wa kesi ya rimoti.

Nikimsimulia shemeji yangu wa Kampala hunicheka sana. Kwao shule zilikuja kufunguliwa kabisa Januari 2022. Huyo kwa kweli sina la kumwambia.

Wangu walirudi Januari 4, 2021. Nikafurahi wiki nzima, mpaka nilipoiona kalenda. Ili kufidia muda uliopotea, mwaka huo ulipachikwa mihula minne badala ya mitatu. Mikahawa niliyokuwa nikiitengenezea friji ilikuwa imefunga milango, hela hakuna, lakini karo ndiyo imeongezewa muhula! Muda ulipotea nyumbani kwangu, nikiwalisha mimi, na anayeufidia ni mimi tena.

Julai walifunga tarehe 16 na kufungua tarehe 26. Siku kumi, sare hazijakauka vizuri kwenye kamba. Kijana aliingia na ripoti mkono mmoja, karatasi ya karo mkono wa pili. Nikaanza na ya karo. Nilipofika kwenye ripoti nikakuta amekuwa wa thelathini na saba, nikampongeza.