Tende za Oman zilivyotaka kunivunjia ndoa

Mpwa wangu ndo chanzo cha yote. Mi nauza tende Kariakoo kila Ramadhani ikikaribia, mzigo wa Oman, khalas ile ya rangi ya asali na fardh nyeusi nyeusi hivi, na miaka yote matangazo yangu ni mdomo tu. Sasa dogo kamaliza chuo akaona mjomba amepitwa na wakati, akasema ngoja nikurushie tangazo mtandaoni, tena kwa kizungu tuwavute watu wa Masaki. Akaandika: "Sweet dates from Oman. Soft and fresh. Home delivery. Call any time." Picha hakuweka, eti bando inaisha. Namba akaweka yangu.

Wa kwanza kupiga alikuwa ananong'ona.

"Kaka, zile za Oman bado zipo?"

"Zipo tele."

"Nyeupe je?"

"Nyeupe ndo Khalas, laini sana hiyo."

"Khalas ndo jina lake?"

"Eeh, ndo jina lake."

"Jina zuri. Basi nataka mmoja tu wa jioni."

"Hatuuzi moja moja bosi, mwisho nusu kilo."

Kimyaaa. Nikajua network. Akarudi: "Anakuja mwenyewe?"

"Bodaboda anakuletea, kwenye boksi, nimefunga na nailoni sisimizi wasiingie."

"Kwenye BOKSI?"

"Ndio, ukiweka kwenye friji anakaa miezi."

Akakata.

Wakafuata wengine, mmoja anataka zinazojua Kiswahili, mwingine anauliza kama zinakubali kwenda ufukweni, nikawa nashangaa tu hawa watu wa Masaki wanakulaje tende. Kilichoniponza ni ile call any time. Saa tisa usiku mama watoto kaamka kupasha daku, simu ikaita, kapokea yeye, njemba inauliza ile date ya Oman ameshalala au bado. Mi nipo usingizini naulizwa "yuko wapi huyo wa Oman?" nikajibu kwa nia njema kabisa, "yamebaki maboksi matatu, yako chini ya kitanda." Daku siku hiyo nilikula kwa jirani.

Dogo alivyobanwa akaapa, mjomba dates ni tende, kamusi hii hapa. Na kweli. Aliyetutoa gizani ni mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu, alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo. Akasema ile date ya tende ilianzia kwa Wagiriki, daktylos, yaani kidole, ikapita kwa Warumi ikapita kwa Wafaransa, kila mtu anaikata kipande mpaka Mwingereza anaipokea imebaki hivyo ilivyo. Chukua khalas uiangalie na ile mikunjo yake, kidole cha bibi kabisa. Ya kalenda ukoo wake mwingine, hiyo Kilatini, data, "imetolewa", maana Warumi kwenye barua waliandika imetolewa Roma siku fulani, basi neno likaganda kwenye siku yenyewe (na ndo ukoo wa hiyo data ya kwenye bando ya dogo). Huko mwishoni mwa karne ya 19 Wamarekani wakaanza kuita date miadi ya kuonana na mpenzi, baadae mpaka huyo mpenzi mwenyewe akawa date. Ndo huyo alokuwa anatafutwa chini ya kitanda changu.

Nikamwambia dogo futa hicho kizungu chako, andika kiswahili cha mama yako: TENDE ZIPO, KARIAKOO, PIGA NAMBA HII. Picha tena hakuweka.

Asubuhi kapiga mama mmoja, ana heshima zake, sauti ya mtu mzima, nikamwamkia. Akaitikia marahaba mwanangu, akauliza hiyo tende mnatibu kwa dawa ya kunywa au ya kuchua, maana mguu wa mzee umevimba hauingii kwenye kiatu. Nikamwelekeza ampeleke kituo cha afya, dawa za matende serikali hugawa bure. Akashukuru sana, halafu akauliza mi nauza nini sasa.

Kachukua kilo mbili.