Ukweli kuhusu zile sahani 26

Naona ile sauti ya WhatsApp, iliyorekodiwa kunicheka kwa kifungua kinywa nilichokula huku Thailand, imeshafika mpaka kwenye grupu la ukoo. Dada yangu wa Kibosho, ambaye tangu nije huku hajanijulia hali hata siku moja, leo alfajiri kaniandikia neno moja tu: "Umeshiba?"

Basi ngoja na mimi niseme, maana huyu rafiki yangu Mnyakyusa aliyerekodi ile sauti (jina namhifadhia, japo yeye hakunihifadhia chochote) kaongeza chumvi sehemu mbili. Si kweli kwamba nilikula sahani 40. Na si kweli kwamba nililia. Macho yalilowa. Kulikuwa na mvuke mle ndani.

Kwa mliochelewa: niko Trang, kusini mwa Thailand, upande wa bahari ya Andaman, nafundisha watoto wadogo Kiingereza, na haya yalitokea Jumamosi ya wiki yangu ya tatu. Trang ni mji ambao kazi yake kubwa ni kula. Siwatukani, wenyewe ndio wanaosema kwamba mtu wa Trang anakula mara tisa kwa siku. Na mlo wanaoringia ni wa asubuhi. Mwalimu mwenzangu, mwenyeji, alinieleza kwamba lawama zote ziende kwa mpira. Kule Kantang, mkoa huu huu, ndiko wanakosema ulipandwa mti wa kwanza wa mpira Thailand, mwaka 1899, na leo mashamba yamejaa kila upande. Wagema wa huku hawagemi tembo, wanagema utomvu, tena usiku wa manane wakati kuna ubaridi. Mtu aliyetoka saa saba usiku na taa kichwani, ikifika saa kumi na moja alfajiri usimletee chai ya rangi na kipande cha mkate. Huyo anataka chakula. Wachina waliohamia huku wakafungua vibanda vya kahawa, wakaweka vyakula vyao vya mvuke, wakaweka na nguruwe.

Nguruwe. Hapo ndipo nilipopotelea.

Ndugu zangu Waislamu mnisamehe, ruka hii aya. Mimi kwetu kitimoto ni cha jioni. Unatoka kazini, unaagiza nusu kilo na ndizi, unasubiri dakika arobaini, unakula ukiwa umekunja mikono ya shati. Sasa uniambie kuna mji ambao kitimoto kinaliwa saa kumi na mbili asubuhi, na kahawa, na watu waliovaa sare za ofisini? Ijumaa ile sikulala vizuri. Na si kitimoto cha kukaanga. Anabanikwa mzima, kama ndafu ya harusi, amelala na viungo na asali usiku kucha, ngozi ikitoka hapo inavunjika kama kaukau na nyama chini yake ina utamu wa mbali. Nikifika kwenye hii sehemu huwa sina la kujitetea. Nilikwenda kwa tamaa.

Mnyakyusa ana miaka miwili hapa. Nilipomwambia nakwenda, akaniambia yeye anafua, ila akanipa onyo moja mlangoni: "Kaka, usiguse usichotaka."

Nikadhani ananifundisha maisha.

Nikafika. Meza za duara, mafeni, wazee wenye magazeti, moshi wa vikapu vya mianzi vilivyopangwa ghorofa kwa ghorofa. Nikaagiza kopi, ndivyo wanavyoiita hapa, ikaja kwenye glasi yenye sakafu nyeupe ya maziwa ya kopo na juu kahawa nyeusi ti. Ikaja na birika la chai ya Kichina ambalo sikuagiza. Bure. Nikaonyesha nguruwe kwa kidole, ikaja sahani. Mpaka hapo mambo safi.

Kisha akatokea binti na sinia, akaanza kupanga visahani na vikapu mezani kwangu. Kimoja, viwili, vitano, tisa. Sijasema kitu. Nyama iliyofungwa kwenye ngozi nyembamba ya unga. Miguu ya kuku iliyopikwa mpaka imelainika. Mayai ya kware. Mchele wa kunata uliofungwa kwenye jani la mgomba, Mchaga mimi nikaona jani la mgomba nikahisi niko nyumbani kabisa. Na yale maandazi marefu mawili yaliyoungana ubavuni kama mapacha. Binti akatabasamu akaondoka.

Nilichofikiria, na nakiri hapa mbele yenu: nilifikiri nimekirimiwa. Mgeni, mweusi peke yangu, shati la kitenge, mwalimu wa watoto wao. Nikajisemea, hawa watu wana utu. Mama yangu alitulea na sheria moja ya ugenini: ukitengewa, unakula, na unamaliza, kubakiza ni kumtukana aliyepika. Nikamaliza.

Binti akapita, akaona vyombo vyeupe. Akaleta sinia la pili.

Hapa kuna watu watasema si ungestuka. Nistuke nini? Nilidhani nimewafurahisha! Vyombo vitupu hawakuviondoa, wakavipanga pembeni ya meza yangu, mnara. Na mimi nikauona ule mnara kama sifa. Jamani. Mimi niliyekulia Moshi, ninayejua kila baa chupa tupu zinaachwa mezani kwa kazi gani, nilikaa pembeni ya mnara wa vyombo vitupu kwa saa nzima na sikuunganisha.

Sinia la tatu lilipokuja nilikuwa nimeshafungua kifungo. Sikuwa na njaa tena. Nilikuwa nawakilisha taifa. Mzee wa meza ya jirani akaninyanyulia dole gumba. Nikachovya kipande kwenye ule mchuzi wao mtamu wa rangi ya chungwa, nikamwangalia machoni, nikameza. Ndipo akaingia mwanafunzi wangu mmoja, wa miaka minane, na mama yake. "Ticha!" Nikampungia na mguu wa kuku.

Sasa sikilizeni vizuri, hii ndiyo sehemu Mnyakyusa hakuwepo, kwa hiyo alivyoisimulia ni uzushi.

Nilisimama. Taratibu, maana kwa haraka isingewezekana. Nikakusanya viganja kifuani kama wanavyosalimu wao, nikainama kwa mama mwenye mgahawa aliyekuwa nyuma ya vikapu vyake. Nikageuka, nikainama kwa yule mzee. Nikainama kwa binti. Nikasema "khop khun khrap", asante, kwa sauti ya mtu anayefunga harusi. Yule mzee akainama na yeye, amechanganyikiwa. Nikatembea. Hatua zilikuwa kama kumi mpaka mlangoni, na kila hatua nilikuwa nafikiria namna nitakavyowaandikia nyie kuhusu ukarimu wa watu wa Trang.

Nyuma yangu mama akaita. Sikuelewa neno hata moja, ila nilijua ni nini. Anataka kunifungia cha kwenda nacho! Si ndivyo mama zetu wanavyofanya? Nikageuka nikacheka, nikapiga tumbo, nikasema neno nililojifunza wiki ile ile: "Im laeo!" Nimeshiba. Mama akapaza sauti zaidi. Na mimi nikazidisha adabu. "Im laeo, im laeo khrap!" Nikarudi kinyumenyume kuelekea barabarani nimekusanya viganja, mama anakuja huku anapunga karatasi, mimi nainama, yeye anaita, mimi nakataa zawadi. Mguu mmoja ulishakanyaga nje.

Mgahawa mzima ukanyamaza. Hata mafeni nadhani yalinyamaza.

Kile kisauti cha miaka minane kikatoka meza ya nne: "Ticha. Money."

Kuna aina ya baridi inayoanzia kwenye masikio. Niliijua siku ile.

Nikarudi. Mama hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniua, alikuwa na huruma. Akasogea kwenye mnara wangu akaanza kuhesabu, anainua kimoja kimoja, anakiweka upande wa pili, kwa sauti, ili tusidhulumiane. Nueng. Song. Sam. Si.

"Ha!"

Nikamtazama. Mama, unanicheka? Akaendelea, hok, chet, paet, uso mkavu. Watu wameacha kula. Sip. Sip et. Anaendelea kuinua, na vingine nilikuwa nimeshavisahau kabisa, nikawa navikumbuka kimoja kimoja kama marehemu. Akafika mahali pengine tena:

"Sip ha!"

Sasa hapo kuna meza moja ilicheka kweli. Mimi shingo imelowa. Nikajaribu kutabasamu kama mtu ambaye hii ilikuwa mipango yake tangu nyumbani. Mnara ukawa unashuka upande mmoja unapanda upande mwingine, na kile chombo cha juu kabisa kilikuwa na alama ya kidole changu, nililamba mchuzi. Akakiinua. Akakiangalia. Akaniangalia.

"Yi sip ha!"

Baadaye ndio nikaambiwa kwamba "ha" ni tano. Kwamba alikuwa anasema tano, kumi na tano, ishirini na tano. Kwamba hata vijana wa huku wakitaka kucheka kwenye simu wanaandika 555. Asanteni kwa kunijulisha mapema.

Kikabaki kimoja. Ishirini na sita.

Na sheria yenyewe, ambayo kila mtoto wa Trang anaijua kabla hajaota meno: vinapangwa mezani ili uchague. Unalipa ulichokula. Usichogusa kinarudi, wala hakuna anayenuna. Ningeweza kunywa kopi yangu na nguruwe wangu, visahani tisa vikarudi salama alikotoka mwenye sinia, na heshima ya mama yangu isingepungua hata nukta.

Hesabu: 26 kwa bati 20, ni 520. Nguruwe 120. Kopi mbili 50. Jumla 690. Kwa kwetu inazidi elfu hamsini, kwa kifungua kinywa, mtu mmoja. Mfukoni nilikuwa na noti moja ya zambarau, 500. Mama akanionyesha kile kibao cha kuskani kwa simu, Lipa Namba yao. Akaunti ya benki sijafungua, nina wiki tatu tu nchini. Mama wa mwanafunzi akafungua pochi. Nikasema hapana, hapana, kwa lugha zote ninazozijua.

Mengine ni ya haraka. Nikampigia Mnyakyusa. Akaja na pikipiki, nguo za kufulia bado zimemlowa magotini. Akauangalia mnara. Akaniuliza, "Uligusa nini?" Nikamwambia, "Vyote." Hakusema kitu. Akalipa 190, akapiga picha, na ile sauti mliyoisikia alirekodi tukiwa bado kwenye taa za barabarani, mimi nimekaa nyuma yake nimeshika tumbo, kwa hiyo huo mguno unaosikika dakika ya pili ni mimi na naomba msiufanye mlio wa simu.

Jumatatu nikaandika namba ubaoni, moja mpaka kumi. Nilipofika ya tano darasa zima likasema "HA!" na kile kijamaa cha meza ya nne kikajificha chini ya dawati. Deni la Mnyakyusa nimelipa. Anayesema sijalipa aulize vizuri.

Na ndiyo, nimerudi pale. Jumamosi iliyopita. Mnanijua, yule nguruwe si wa kumwacha kwa sababu ya aibu. Nikakaa meza ile ile. Binti akaja na sinia, akaweka visahani viwili, akasita, akamtazama mama kule nyuma ya mvuke. Mama akatikisa kichwa. Binti akachukua kimoja akarudi nacho.