Unaposubiri upasuaji wa mawe ya nyongo, tazama saa kabla ya sufuria

Mtu akigundulika ana mawe kwenye kifuko cha nyongo, mara nyingi hutoka kliniki na maagizo mawili tu: acha mafuta, na subiri utaitwa. Hulishika lile la kwanza kwa nguvu zake zote, kwa kuwa ndilo pekee lililo mikononi mwake. Wiki hii anaacha nyama, wiki ijayo mayai, kisha maziwa, mwishowe sahani yake ni wali mkavu na mboga za kuchemsha, na siku nyingine hali kabisa kwa hofu. Anakonda. Maumivu yanarudi vilevile usiku wa manane, na nyumbani hakuna hata kidonge kilichoandaliwa wala mtu anayejua ni wakati gani wa kumkimbiza hospitali.

Naona huko ni kumwekea mgonjwa mlinzi jikoni na kuliacha lango kuu wazi. Chakula kina nafasi yake, nami nitakifikia. Lakini kinachomlinda kwanza anayesubiri upasuaji ni saa: maumivu yameanza lini, dawa imemezwa lini, na yamekataa kuisha kwa muda gani.

Kifuko cha nyongo kiko chini ya ini na hubeba mililita 30 hadi 50 tu. Ini hutengeneza nyongo mchana na usiku, kifuko huihifadhi na kuikoleza. Mafuta ya chakula yakifika mwanzoni mwa utumbo mdogo, utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, nayo hukiamuru kifuko kijikamue. Jiwe likiwa limekaa shingoni mwa kifuko, kifuko hukamua mlango uliozibwa. Ndiyo sababu maumivu haya hayafanani na msokoto wa kawaida wa tumbo, unaokuja na kupoa kama mawimbi. Haya hupanda, hukaa juu palepale bila kupumzika, halafu hushuka. Makao yake ni chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe cha moyo, na mara nyingi hupenya hadi mgongoni au bega la kulia. Kwenda haja hakuyaondoi, kutoa gesi hakuyaondoi, dawa ya kupunguza asidi haiyagusi. Wako watu waliotibiwa vidonda vya tumbo kwa miaka kwa sababu tu walisema wanaumwa chembe cha moyo, na hakuna aliyewauliza yanaanza vipi na yanakaa muda gani.

Shambulio la kawaida huchukua kati ya nusu saa na saa chache, kisha jiwe hurudi nyuma na mlango hufunguka. Maumivu yakivuka muda wa saa 6 bila kukatika, usiyahesabu tena kuwa yale uliyoyazoea. Hapo jiwe limekwama na ukuta wa kifuko unaelekea kuvimba. Dalili nyingine ya uvimbe huo ni hii: ukivuta pumzi ndefu, maumivu chini ya mbavu za kulia yanakukata pumzi katikati. Hilo si jambo la kuvumilia hadi siku ya kliniki.

Na kuna ishara zisizongoja hata hizo saa 6. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, hasa ikija na kutetemeka. Weupe wa macho kugeuka manjano, mkojo kukolea kama chai isiyo na maziwa, choo kupauka kama udongo: hapo jiwe huenda limetoka kifukoni na kuziba mrija mkuu wa nyongo. Maumivu makali yanayopita katikati ya tumbo moja kwa moja hadi mgongoni, pamoja na kutapika kusikokoma: hapo kongosho huenda limevimba. Homa, manjano na maumivu vikikutana kwa mtu mmoja, yawezekana kuna maambukizi ndani ya mrija wenyewe, na maambukizi hayo huweza kuua haraka. Mgonjwa huyo anapelekwa usiku huohuo. Wazee na wenye kisukari huweza kuwa na maambukizi makubwa bila homa ya maana, kwa hiyo kwao usiipe kipimajoto neno la mwisho; mtu aliyelegea na kuchanganyikiwa apelekwe hata kama joto liko sawa.

Hapa kuna kosa dogo linalopoteza watu. Parasetamoli na ibuprofeni hushusha homa. Ukimeza kwanza ukapima baadaye, kipimajoto kitakudanganya kwamba uko salama. Pima joto kabla ya kidonge cha kwanza, andika namba na saa, ndipo umeze.

Sasa dawa zenyewe. Kwa maumivu haya, kundi lenye nguvu kuliko yote ya nyumbani ni lile la ibuprofeni na diklofenaki. Sababu ipo: hupunguza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo ndizo zinazochochea mbano na uvimbe katika kifuko. Dawa za kulegeza misuli ya tumbo, ambazo watu huzikimbilia kwa sababu ya neno msokoto, hazifui dafu mbele yake. Mtu mzima asiye na kizuizi anaweza kumeza ibuprofeni miligramu 400, akarudia baada ya saa 6 hadi 8, bila kuvuka miligramu 1,200 kwa siku pasipo amri ya daktari. Ama diklofenaki miligramu 50, isiyozidi miligramu 150 kwa siku. Chagua moja. Hizo ni ndugu wa tumbo moja, na kuzimeza pamoja huongeza madhara bila kuongeza nafuu. Parasetamoli ni ukoo mwingine, hivyo inaweza kuongezwa juu ya mojawapo: gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, jumla isizidi gramu 4 kwa siku, na pungufu ya hapo kwa mwenye uzito chini ya kilo 50 au mwenye ini bovu. Angalia pia dawa za mafua. Nyingi zina parasetamoli ndani na hesabu huharibika bila mtu kujua.

Wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na wenye pumu inayochochewa na aspirini, wasiguse ibuprofeni wala diklofenaki kabla ya kuuliza. Mjamzito aanze na parasetamoli, na kundi lile aliache, hasa kuanzia wiki ya 20. Swali la kumuuliza daktari siku ya kliniki, kabla hujasimama kitini, ni hili: "Daktari, maumivu yakinianza usiku, nimeze nini, kiasi gani, na nisipopata nafuu niongeze nini?" Usikubali kuondoka na jibu la mdomo tu. Liandikwe kwenye karatasi ya matibabu.

Kinachoharibu dawa hizi mara nyingi ni kuchelewa. Mtu hungoja aone kama yatapita, yakishakolea anatapika, na kidonge kinatoka nacho. Meza pale maumivu yanapoanza kupanda na uhesabu kama saa moja ya kukipa nafasi. Ukitapika ndani ya nusu saa, huenda hakikufanya kazi, lakini usirudie kipimo hovyo. Hapo ndipo diklofenaki ya kuingizwa njia ya haja kubwa ina thamani, nayo inafaa kuombwa mapema ikakaa nyumbani ikisubiri. Usile chochote wakati wa shambulio, kunywa maji kwa mafunda madogo. Hakuna mkao unaofungua jiwe. Wengine hupata ahueni wakikaa wameinama mbele, wengine wakitembea polepole, kila mtu afuate mwili wake. Chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa husaidia kwa dakika 15 hadi 20. Iondolewe kabla usingizi haujakuchukua, maana ngozi huungua bila mtu kusikia.

Ukifika hospitali na maumivu hayajakubali, usione haya kukubali mofini, dawa kali ya maumivu. Kuna fundisho la zamani kwamba hubana mlango wa mrija wa nyongo, na bado linatumika kuwanyima wagonjwa nafuu. Maumivu ya kiwango hicho yanastahili dawa ya kiwango hicho.

Nije kwenye sufuria. Kupunguza mafuta kunasaidia wengi, kwa sababu ya ile homoni niliyoitaja. Kuyafuta kabisa ni jambo jingine. Kifuko kisichokamuliwa hukaa na nyongo nzito iliyotuama, na nyongo iliyotuama ndiyo shamba la mawe. Kukonda haraka hufanya vilevile: ini hutupa kolesteroli zaidi kwenye nyongo, na ukipoteza zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki, uwezekano wa mawe mapya hupanda. Kama unahitaji kupunguza uzito, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha. Isipokuwa daktari wa upasuaji amekuagiza mlo maalumu wa wiki mbili hivi kabla ya operesheni ili ini lisinyae. Huo ufuate kama ulivyoandikwa, usiuanze mwenyewe miezi kabla.

Kinachofaa ni mafuta machache yaliyogawanywa sawasawa, gramu 10 hadi 15 kwa mlo, na milo isipishane kwa muda mrefu. Pima kwa kijiko, usimimine kwa macho. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni karibu gramu 14. Vijiko viwili kwenye chungu cha watu wanne ni gramu 7 kwa kila mmoja, hakuna tatizo. Vijiko hivyohivyo juu ya sahani yako peke yako ni shambulio linalotafutwa. Yai moja lina gramu 5 hivi, glasi ya mililita 250 ya maziwa yasiyopunguzwa mafuta ina 8, konzi moja ya karanga, gramu 30, ina karibu 15. Watu hukwama hapo kwenye karanga na parachichi kwa kuwa wameambiwa ni mafuta mazuri. Ni mazuri kwa moyo. Kifuko cha nyongo hakijui tofauti. Homoni hutoka kwa mafuta ya zeituni kama inavyotoka kwa siagi. Mlo wa jioni uwe mdogo, uliwe ukiwa umebakiza muda wa saa 2 au 3 kabla ya kulala, kwani mashambulio mengi huja usiku. Na kama umefuata yote haya na bado yamekuja, hukukosea. Jiwe linaweza kukwama bila sababu ya chakula, na mgonjwa hapaswi kuhojiwa kana kwamba ameiba chungu.

Kuhusu kile kinachoitwa kusafisha nyongo, kwa kunywa mafuta ya zeituni mengi na maji ya limau, nasema bila kuzunguka: usifanye. Vile vijipande laini vya kijani vinavyoonekana chooni asubuhi si mawe. Ni sabuni, iliyotengenezwa tumboni na mafuta hayohayo uliyokunywa. Jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa vipande hivyo mwaka 2005, na ndivyo vilivyokuwa. Ubaya zaidi, kunywa mafuta mengi kwa mkupuo ndiyo amri kali kuliko zote unayoweza kukipa kifuko kijikamue.

Dawa ya kuyeyusha mawe ipo kweli, asidi ya ursodeoksikoliki, lakini hufaa kwa mawe madogo ya kolesteroli tu, huchukua miezi 6 hadi miaka 2, na karibu nusu ya waliofanikiwa hupata mawe tena ndani ya miaka 5. Mawe ya wenye selimundu, ambayo hutokana na rangi ya damu iliyovunjika, haiyayeyushi kabisa. Carl Langenbuch, aliyekitoa kifuko hiki kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882, alikuwa na hoja ambayo bado imesimama: kifuko huondolewa kwa sababu ndicho kinachotengeneza mawe. Ukiyatoa ukakibakiza, umebakiza kiwanda.

Jambo moja linawapumbaza wengi, nalo ni ukubwa. "Langu ni dogo, milimita 4 tu." Hilo dogo ndilo linalopenya. Jiwe la sentimita 2 haliwezi kuingia mrijani, linaziba shingo na kurudi. La milimita 3 au 4 husafiri hadi mrija mkuu na huweza kuchokoza kongosho. Kwa hiyo soma karatasi yako ya ultrasaundi: imeandika mawe mangapi, ya ukubwa gani, ukuta wa kifuko una unene gani, mrija mkuu una kipenyo gani. Ipige picha ikae kwenye simu.

Foleni nayo inahitaji kazi. Nafasi yako ilipangwa kwa hali uliyokuwa nayo siku ile, na kliniki haitajua kwamba umelazwa mara mbili tangu hapo usipoiambia. Weka daftari lenye tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, joto, dawa na kipimo. Kila unapopita chumba cha dharura, piga simu kliniki ya upasuaji kesho yake useme hivyo kwa namba: "Mwezi huu mashambulio 4, moja lilidumu kwa muda wa saa 7, nimechomwa sindano mara 2." Omba pia uandikwe miongoni mwa wanaoweza kuitwa ghafla mtu mwingine akiahirisha. Ukilazwa kwa uvimbe wa kifuko, uliza kama unaweza kupasuliwa ndani ya wiki hiyo. Ukilazwa kwa kongosho lililovimba kidogo, uliza kama kifuko kinaweza kutolewa kabla hujaruhusiwa. Huo ndio utaratibu unaopendekezwa, kwa sababu kongosho linaweza kuchokozwa tena ukiwa nyumbani unangoja.

Na siku ukiitwa, waambie kama macho yaliwahi kugeuka manjano au mkojo kukolea baada ya ile ultrasaundi ya kwanza, hata kama kulipita kwa siku mbili. Waombe vipimo vipya vya damu vya ini. Kama kuna jiwe lililobaki kwenye mrija mkuu, sharti lijulikane mapema ili litolewe kwa kamera inayopitishwa mdomoni au wakati wa operesheni yenyewe, maana kukitoa kifuko peke yake hakutaligusa.