Mtoro wa shule ya jirani ni wa nani?

Siku ya gulio, saa nne asubuhi, mtoto wa darasa la sita amegeuza sweta lake nje ndani ili nembo ya shule isionekane. Anabebea watu mizigo kwa mia mbili mia mbili. Mwalimu wa shule ya jirani anapita, anaitambua kaptula ya sare, anaendelea na safari yake. "Si wa kwetu huyu," anasema. Nimefundisha hapa Tanzania, kwenye kata yenye shule tatu za msingi, na maneno hayo nimeyatamka hata mimi.

Wanaotaka shule za kata moja zishirikiane kwenye nidhamu na mahudhurio wanaanzia hapo, na wana hoja nzito. Utoro wa rejareja, ule wa Ijumaa na siku za gulio, haujui mpaka wa shule. Watoto wa shule zote tatu wanakutana kwenye kibanda umiza kimoja, yaani banda la kuonyeshea video, huku kila mwalimu akiifungua rejesta yake na kuwatafuta wa kwake tu. Walimu wakuu wakikubaliana kwamba yeyote atakayemkuta mwanafunzi mtaani saa za masomo amrudishe shuleni kwake, maficho mengi yatakwisha ndani ya muhula. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji simu, na Afisa Elimu Kata anayelifuatilia.

Uzito zaidi uko kwenye uhamisho. Mtoto akishindikana, mzazi huambiwa pembeni, "Mtafutie shule nyingine." Uhamisho unapita kwenye PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, namba yake inamfuata, lakini habari ya kilichomshinda inabaki nyuma. Hakuna anayeambiwa kule kwamba baba yake alifariki mwaka jana, au kwamba analala kwa bibi na alfajiri ndiye anayechota maji. Shule mpya inaanza kumsoma upya, na ikichoka, naye anahama tena au anapotelea mtaani.

Lakini habari hizohizo zinaweza kumwangamiza. Jina likishazungushwa kwenye kundi la walimu la WhatsApp, mtoto anafika shule mpya sifa zake zikiwa zimemtangulia, na mwalimu wa nidhamu anamsubiri. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4, na achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Mzazi yeyote atakwambia jinsi zinavyofuatwa. Shule tatu zikishirikiana kwa fimbo, mtoto atazikimbia zote tatu.

Kuna pia njaa. Sera ya elimu bila ada ipo tangu 2016, ila chakula cha mchana kwa sehemu kubwa kinategemea michango ya wazazi, na kuna watoto wanaotembea kilomita kadhaa tumbo tupu. Kuna binti anayekosa siku kadhaa kila mwezi kwa sababu hana taulo za kike. Vikao vya walimu wakuu havitawarudisha hao darasani.

Halafu kuna mkuu wa shule mwenyewe. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule bora kuanzia matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023, hatua niliyoifurahia, lakini mkuu bado anaulizwa ufaulu wake kwenye vikao vya tathmini. Ampokee mtoro sugu wa jirani kwa faida gani? England walijaribu kulimaliza swali hili kwa sheria: mwaka 2009 bunge lilipitisha kifungu cha kuzilazimisha shule za sekondari ziungane kushughulikia tabia na mahudhurio, na mwaka 2011 sheria nyingine ikaliondoa sharti hilo, uamuzi ukarudi kwa shule zenyewe.

Mimi nasimama upande wa ushirikiano, lakini ushirikiano huo usianze na orodha ya majina. Uanze na mwalimu wa malezi wa shule anakotoka mtoto kukaa na mwenzake wa anakokwenda, mzazi au mlezi akiwepo, kabla uhamisho haujapitishwa. Kinachoandikwa kiwe sababu za kukosa shule, na kibaki kwa watu hao. Mkuu aliyemtoa mtoto aendelee kuulizwa mahudhurio yake kwa muhula mmoja, sawa na aliyempokea. Na yule wa gulioni, mwalimu wa kwanza kumkuta amuulize kwanza amekula nini asubuhi, kisha ampeleke shuleni kwake.